Lifti ya pwani na rafiki: Kilwa–Mtwara au Tanga–Pangani–Bagamoyo?

Upepo_wa_Kusi
Wakuu, salaam. Mimi na rafiki yangu tuna likizo na tumeamua kuzunguka pwani kwa lifti. Tukifika mahali pakatupendeza tunashuka, tunalala, kesho yake tunasimama tena barabarani. Zimebaki njia mbili. Moja ni kusini: Dar (Mbagala), Kilwa, Lindi hadi Mtwara. Nyingine tupande basi mpaka Tanga, halafu turudi taratibu kwa Pangani, Saadani na Bagamoyo. Tunataka jua na bahari, na hela isitutoke sana. Ipi bora? Tunaondoka wiki ijayo.

Dereva_Mstaafu
Swali lako ni kama kuuliza bei ya samaki bila kusema ni dagaa au nguru. Siku ngapi? Shilingi ngapi? Nyinyi ni akina nani, na mna mizigo kiasi gani? Nimeendesha semitrela njia ya kusini miaka mingi. Kijana mmoja mwenye begi nitamkalisha kwenye kiti cha utingo. Wawili wenye mabegi makubwa nitawapita, hata kama roho inauma. Toa maelezo, tukushauri.

Mwana_Mikindani
Kusini, mkuu, wala usihangaike. Ni kilomita kama 560, lami tupu. Malori ya saruji yanatembea mwaka mzima, na msimu wa korosho ndiyo usiseme. Anzia Mbagala Rangi Tatu, ila panda daladala kwanza mpaka Mkuranga, maana mjini hakuna anayesimama. Nangurukuru mnashuka, mnaingia Kilwa Masoko kilomita kama 30. Pale unapata kibali kwanza, unavuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu upo, magofu ya Husuni Kubwa yapo. Msafiri Ibn Battuta alifika hapo 1331 akausifu mji. Ukikaa kwenye kuta zile jua likizama utanikumbuka.

Bweni_Kivukoni
Mwana_Mikindani, mwambie mwenzio ukweli wote. Amesema anataka bahari. Barabara ya Mtwara kwenye ramani inaonekana iko ufukweni, lakini toka Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri utaona mikorosho na mashamba tu. Bahari unaikaribia Somanga, kisha inapotea tena mpaka Mchinga. Ni saa nyingi za kuangalia vumbi la pembeni.

Kwetu, ukitoka Tanga ni kilomita kama 50 mpaka Pangani. Njiani kuna magofu ya Tongoni. Pangani yenyewe ni mji wa kukaa siku mbili: majumba ya zamani, mto unaingia baharini mbele ya macho yako. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri, aliyeongoza vita dhidi yao, Desemba 1889. Ukivuka mto kwenda Bweni, Ushongo iko karibu, mchanga mweupe na minazi.

Mwana_Mikindani
Na baada ya Ushongo? Mwambie na hiyo. Magari kwenda Mkwaja na Saadani ni ya kuhesabu kwa vidole. Ndani ya Hifadhi ya Saadani huwezi kushuka ukanyoosha mkono barabarani, kuna simba na nyati. Kusini ukikosa lori la saa nne unapata la saa tano. Na Lindi ukishaingia, ghuba yote iko kushoto kwako. Mikindani barabara inapita ukingoni kabisa mwa maji, watoto wanavua ukiwa unawaona dirishani.

Mkilifi
Mimi niko Kenya. Mbona msifikirie Mombasa hadi Malindi? Ni kama kilomita 120 tu, matatu hazikosi, Kilifi kuna daraja juu ya hori, na magofu ya Gede yako njiani. Mkichoka na lifti mnapanda matatu.

Bweni_Kivukoni
Ndugu Mkilifi, karibu, lakini hajauliza Kenya.

Dereva_Mstaafu
Jambo moja nataka lieleweke. Huku kwetu lifti si bure. Dereva anategemea kitu, hata ya chai. Kaa chini mpatane kabla hujapandisha mguu, si mkifika.

Korosho_Safi
Ukishalipa hiyo si lifti tena, ni nauli. Lifti ni msaada. Mimi nimebebwa na mwalimu mmoja kwa Noah yake toka Lindi mpaka Mtwara, akakataa hata soda.

Dereva_Mstaafu
Mwalimu alikuwa anakwenda kwake. Dereva wa lori akikamatwa na trafiki ana abiria kwenye gari la mizigo, faini ni yake. Ile hela unayompa ndiyo inayobeba hofu hiyo.

Ufuta_Lindi
Naomba niandike kirefu kidogo, kwa sababu naona mnazungumzia malori kama daladala.

Miaka kadhaa iliyopita mimi na binamu yangu tulipata lori Lindi, limebeba magunia ya ufuta, linakwenda Dar. Dereva mtu mzuri, mcheshi. Tukakubaliana elfu kumi kila mmoja. Tulipopita Mchinga jua likiwa linazama akatuambia, "Vijana, ongeeni na mimi, msinyamaze." Tukadhani ni ucheshi. Baadaye utingo akatunong'oneza kwamba jamaa hajalala tangu Masasi, tajiri anampigia simu kila saa.

Tukaongea. Tukasimulia mpira, tukaimba. Mbele ya Mbwemkuru binamu yangu alisinzia, nami nikanyamaza, sijui dakika mbili au tatu. Nilishtuka lori linatoka barabarani. Halikupinduka lote, liliegemea mti, magunia yakapasuka, ufuta ukamwagika kila mahali. Binamu yangu alivunjika mtulinga. Wanakijiji walikuja na tochi, wakatutoa, mama mmoja akatupa uji wa moto, na hakuna aliyechota hata kopo moja la ufuta ule.

Kabla polisi hawajafika dereva alitupigia magoti. Alitaka tuseme sisi ni matingo. Tulisema hivyo. Kwa hiyo hatukuandikwa popote kama abiria, na matibabu tulilipa wenyewe kwa kuuza mbuzi wa bibi. Mwenye lori hakupokea simu yetu hata mara moja.

Simlaumu dereva. Lakini sipandi lori baada ya magharibi, na kabla sijapanda namuuliza utingo, siyo dereva, mara ya mwisho walilala wapi.

Mkilifi
Pole sana ndugu. Binamu alipona?

Ufuta_Lindi
Alipona. Bega moja liko chini kidogo mpaka leo.

Upepo_wa_Kusi
Nimesoma yote, asanteni. Samahani kwa kuacha maelezo. Tuna siku 12, na laki tatu kwa wote wawili. Kila mtu begi moja la mgongoni. Na sisi wote ni wasichana, miaka 24.

Dereva_Mstaafu
Binti yangu, hilo lilikuwa la kusema kwanza. Basi nafuta habari ya lori. Pandeni Coaster toka mji hadi mji, lifti iwe ya mchana tu, gari lenye familia au mama ndani yake.

Mama_Masoko
Mimi ni mwanamke na nimesafiri hivyo. Msisimame porini. Nendeni pale mabasi na magari madogo yanapopumzika kula, mwombe aliye na mkewe au watoto, mkiwa mmeshamwona anavyoongea. Kabla ya kupanda pigeni picha namba ya gari mtume nyumbani, tena mbele ya dereva aone. Nangurukuru wauza chai wanawafahamu madereva wengi, waulizeni. Laki tatu kwa siku 12 itabana, lakini mkila kwa mama ntilie mtafika.

Bweni_Kivukoni
Ndiyo maana nasema Pangani. Ni fupi, mnarudi jioni kama hapajawapendeza.

Mwana_Mikindani
Kama hawana gari, Saadani watapitaje? Wasichana wawili wakwame Mkwaja?

Bweni_Kivukoni
Waishie Ushongo, warudi Tanga. Nani kasema lazima wafike Bagamoyo?

Korosho_Safi
Kama ni kusini, angalieni mvua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika Somanga, watu wakakaa siku kadhaa bila kwenda mbele wala nyuma.

Dereva_Mstaafu
Hiyo kidogo. Nyinyi hamkukuta kivuko cha Ndundu, mto Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003. Masika tulipanga foleni Rufiji mpaka nyanya zinaoza ndani ya lori. Ukivuka, matope ya kwenda Somanga yanakusubiri.

Mama_Masoko
Mzee, marehemu baba yangu alikuwa akiuza samaki wa kukaanga kwenye foleni ile ile. Mlikuwa mnakula changu au kambare?

Dereva_Mstaafu
Kambare wa mto, kwa ugali wa muhogo. Alikuwa anakaa upande gani wa kivuko?

Mama_Masoko
Upande wa kusini, chini ya mwembe.

Upepo_wa_Kusi
Rafiki yangu sasa anataka Pangani, mimi bado naitazama Kilwa. Mama Masoko, naomba nikutumie ujumbe pembeni?

Dereva_Mstaafu
Mwembe ule naukumbuka. Alikuwa na kijiredio chenye betri nje.