Kufikia PLC za visima vya mbali kwa laini ya simu: tubaki na IP ya umma au tuhamie wapi?

Swali: Mota_Tatu

Habari za kazi, wakuu. Ninahudumia mitambo ya mamlaka ndogo ya maji ya mji, yenye vituo vitatu vya visima virefu, kimoja kikiwa umbali wa kilomita 40 kutoka ofisini. Kila kituo kina PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo, inayowasha na kuzima pampu kulingana na kiwango cha maji tangini, pamoja na modemu ya 4G yenye laini ya data. Mkandarasi aliyefunga mfumo aliomba laini zenye IP ya umma isiyobadilika (anwani inayofikika kutoka popote kwenye intaneti), kisha akafungua poti 502 (mlango wa mawasiliano) kwenye modemu ili kompyuta ya ofisini isome PLC moja kwa moja kwa Modbus, yaani itifaki (lugha ya mawasiliano) ya vidhibiti vya viwandani. Kazi inakwenda na mafundi wameizoea, lakini nilipotazama kumbukumbu za modemu mojawapo nilikuta maombi mengi yakiingia kutoka anwani za nchi ambazo hatuna shughuli nazo hata kidogo.

Naomba ushauri. Je, inatosha kubadili namba ya poti na kuweka nenosiri gumu kwenye modemu? Kama haitoshi, ni njia gani itakayotuwezesha kuendelea kuviona vituo na kuwasha pampu tukiwa ofisini, ikizingatiwa kwamba modemu zetu zinakubali VPN (njia ya siri kupitia intaneti) za aina kadhaa na kwamba fungu la kununua vifaa vipya halipo?

Jibu: Waya_na_Rejista

Haitoshi, mkuu, na ningekushauri uifunge poti hiyo leo, hata kama mafundi watalazimika kwenda vituoni kwa pikipiki kwa siku chache. Modbus ilitolewa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon kwa ajili ya nyaya za ndani ya kiwanda, ambako mtu aliyeweza kuugusa waya alihesabiwa kuwa ana ruhusa ya kuwa pale. Haina nenosiri wala namna ya kumtambua anayetuma amri. Nenosiri gumu utakaloweka litalinda ukurasa wa mipangilio ya modemu, lakini anayepitia poti iliyofunguliwa hatakutana nalo kabisa. Akituma amri namba 5, koili (swichi ya ndani ya PLC) inaandikwa na pampu inatii. Kubadili namba ya poti nako kunamchelewesha kidogo tu, kwa kuwa huduma kama Shodan hupekua intaneti nzima na kuitambua itifaki kwa majibu yake.

Jambo hili limekwisha kutokea. Januari 2024, katika mji wa Lviv nchini Ukraine, programu hasidi iliyopewa jina la FrostyGoop ilituma amri za Modbus kwa vidhibiti vya mfumo wa kupasha joto, na majengo zaidi ya 600 yalikaa bila joto kwa karibu siku mbili katikati ya majira ya baridi kali. Miezi miwili kabla yake, huko Aliquippa, Pennsylvania, kituo cha kuongeza msukumo wa maji kiliingiliwa kupitia PLC iliyokuwa wazi kwenye intaneti, na wafanyakazi wakalazimika kukiendesha kwa mkono. Serikali ya Marekani, katika tahadhari yake kuhusu PLC za aina hiyo, ilihimiza kwanza kabisa watu waondoe nenosiri la kiwandani, ambalo lilikuwa 1111.

Kanuni ninayoishika ni kwamba kituo ndicho kiite ofisi, na ofisi isiingie kituoni kupitia mlango ulio wazi. Weka seva moja ofisini yenye IP isiyobadilika, kisha kila modemu ifungue handaki la VPN kuelekea seva hiyo. Kama modemu zako zina WireGuard, mojawapo ya aina za VPN, anza nayo, kwa sababu seva yake haijibu chochote kwa mtu asiye na ufunguo, hivyo anayepekua poti haoni dalili ya kuwapo kwake. Kila kituo kiwe na jozi yake ya funguo na mtandao wake wa ndani. Ukiacha vituo vyote vitatu kwenye mtandao uleule wa 192.168.1.0, seva haitajua ipeleke pakiti wapi.

Faida nyingine ni kwamba hutahitaji tena kulipia IP ya umma kwa kila laini. Laini za kawaida mara nyingi hukaa nyuma ya anwani inayoshirikiwa na wateja wengi, nyingine zikipewa anwani za kundi la 100.64.0.0/10, na watu hulalamika kwamba hazifikiki kutoka nje. Kwa kazi hii kutofikika ndiko tunakokutaka. Weka tu PersistentKeepalive (pakiti ndogo ya kushikilia njia) ya sekunde 25 upande wa modemu, ili mtandao wa simu usiifute njia handaki linapokuwa kimya.

Jibu: Mnara_Kaskazini

Nakubaliana na aliyetangulia, ila asiisahau APN binafsi, yaani lango la data la peke yenu kwenye mtandao wa simu. Kampuni za simu huziuzia taasisi APN yao wenyewe, ambamo laini hupata anwani za ndani na trafiki hufikishwa ofisini bila kupita kwenye intaneti ya umma. Unaweza pia kuomba laini ifungwe kwa IMEI (namba ya utambulisho) ya modemu, ili anayeichomoa kituoni na kuiweka kwenye simu yake asipate mtandao. Wizi wa laini za data si hadithi. Kituo kisicho na mlinzi hupoteza laini kabla ya kupoteza betri.

Hata hivyo, usiichukulie APN binafsi kuwa ndiyo usalama wote. Uliza kwa maandishi kama laini zilizo ndani ya APN hiyo zinaweza kuonana, kwa maana mipangilio mingine huruhusu modemu moja kuifikia nyingine, na hapo aliyekivamia kituo kimoja amevipata vyote. Uliza pia kama kiungo kati ya kampuni na ofisi yenu kimesimbwa. Mimi ningeweka VPN juu ya APN binafsi, na kama fedha inatosha kimoja tu, ningechukua VPN.

Mota_Tatu

Nashukuru sana. Wasiwasi uliobaki ni kifurushi cha data, kwani mhasibu ataniuliza handaki linalokaa wazi usiku na mchana linakula kiasi gani. Pia, je, tuendelee kuwasha pampu kutoka ofisini, au tubaki kutazama tu?

Jibu: Waya_na_Rejista

Handaki lenyewe ni jepesi. Pakiti ya kushikilia njia ina baiti 60 pamoja na vichwa vyake, nayo hutumwa mara 3,456 kwa siku. Ukijumlisha na kubadilishana funguo kila baada ya dakika mbili, unapata takriban MB 13 kwa mwezi kwa kila kituo. Kinachokula kifurushi ni kuiulizauliza PLC. Swali la rejista kumi (nafasi za namba ndani ya PLC) pamoja na jibu lake, ndani ya handaki, ni karibu baiti 350, na programu ikiuliza kila sekunde hiyo ni MB 30 kwa siku. Uliza kila sekunde 30, ushuke hadi MB 1. Kiwango cha tangi la mji hakibadiliki ndani ya sekunde moja.

Jibu: Mkongwe_wa_Pampu

Nijibu la kuwasha pampu. Wasimamizi wengi wanapotazama skrini iliyo ofisini hudhani kwamba ndiyo inayoendesha kituo, na hapo ndipo mipango huharibika. Kituo kijiendeshe chenyewe. Kinga ya pampu kukauka, swichi ya kuelea ya tangi kujaa na rilei ya mota kuzidiwa viwe vimefungwa kwa nyaya pale pale, ili amri yoyote kutoka mbali, iwe ya fundi wenu au ya mwizi, isiweze kuvipuuza. Mtandao ukikatika, PLC iendelee kwa viwango vilivyomo ndani yake.

Kwa hiyo amri za mbali ziwepo, lakini ziwe chache. Fayawoli ya modemu iruhusu kompyuta moja tu ya ofisini kufika poti 502, na katika programu ya PLC tenga rejista ya kuombea kuwashwa, ambayo PLC huikubali tu ikiwa masharti yote ya usalama yametimia. Kubadili programu ya PLC kufanyike kwa kwenda kituoni na kugeuza ufunguo wa PLC kwa mkono. Ni usumbufu, najua, na mafundi vijana watanung'unika.

Jambo la pili linahusu mkandarasi. Mwaka 2000 huko Maroochy, Queensland, mtu aliyewahi kufanya kazi katika kampuni iliyofunga mfumo wa majitaka alitumia redio na kompyuta kutuma amri kwa vituo vya pampu, na maji machafu yapatayo lita 800,000 yakamwagika katika bustani na mito. Hakuhitaji kuvunja chochote, kwa kuwa mfumo aliujua. Mpe mkandarasi ufunguo wake mwenyewe wa VPN, ufungue kwa muda wa kazi, uufute kazi ikiisha. Na laini zote zisajiliwe kwa jina la mamlaka, lisiwe la fundi fulani.

Jibu: Waya_na_Rejista

Nyongeza moja kabla hujaanza. WireGuard hukataa salamu (ombi la kufungua handaki) yenye saa iliyo nyuma ya ile ya mwisho iliyopokewa, na modemu nyingi za bei nafuu hazina betri ya saa, hivyo umeme ukikatika huamka na tarehe ya zamani na handaki haliinuki. Ruhusu modemu ichukue saa kutoka mtandao wa simu, au kutoka seva ya NTP (ya kutoa saa sahihi) iliyo nje ya handaki. Jaribu kwanza ofisini kwa kuzima umeme kabisa na kuuwasha, kisha acha poti ya zamani ikiwa imefungwa wakati kituo cha kilomita 40 kinahamishwa mwisho.