Napoli kwa bajeti ya kubana: chumba cha watu wawili mwishoni mwa Novemba, tulale mtaa gani?

BintiRau (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Mimi na mdogo wangu wa kike tunapanga kwenda Napoli, Italia, usiku sita kuanzia tarehe 22 Novemba, tukiondokea KIA. Tunachofuata ni mji wa kale, jumba la makumbusho na siku moja ya Pompeii. Ufukwe hautuhusu. Malazi tumetenga euro 60 kwa usiku kwa chumba cha wawili, tunaweza kusogea hadi 65 kama kuna sababu ya maana.

Kwenye tovuti za malazi naona chumba cha euro 38 na kingine cha euro 95 mtaa uleule, picha zinafanana, sielewi tofauti iko wapi. Wengine wanashauri kulala karibu na stesheni ya Garibaldi, wengine wanasema pakimbie kabisa. Halafu ubalozi unataka uthibitisho wa malazi kabla ya viza. Nikilipia chumba viza ikagoma, hela inarudi? Mwenye kujua kwa undani anisaidie. Tafadhali msiniambie nitafute mtandaoni, huko ndiko nilikotoka.

MzeeWaNjiro (Arusha)

Binti, picha zinafanana kwa sababu zote zimepigwa kutoka kona ya chumba kwa lenzi pana. Bei ya Napoli imejificha kwenye jengo lenyewe, kitanda ni kilekile.

Anza na ghorofa. Cha euro 38 mjini kati mara nyingi ni basso, yaani chumba cha chini kabisa ambacho mlango wake unafungukia barabarani, na mlango huohuo ndio dirisha. Ukiufunga hakuna hewa, ukiufungua skuta zinapita nusu mita kutoka kitandani. Novemba ni mwezi wa mvua nyingi huko, na kuta za zamani ni za tufo, jiwe laini la volkano linalonyonya maji, kwa hiyo harufu ya ukungu tegemea. Utakitambua kwenye picha: kitanda kiko juu ya jukwaa la mbao lenye ngazi nyembamba, na hakuna picha hata moja inayoonyesha anga.

Kinachofuata kwa unafuu ni ghorofa ya nne au ya tano bila lifti. Dari za majengo yale ni ndefu, mita nne na zaidi, kwa hiyo ghorofa ya nne ya huko unaipanda kama ya sita ya kwetu. Kwa vijana wawili wenye begi la mgongoni, mimi hilo naliona ndilo punguzo la halali kuliko yote: unapata mwanga na hewa, kelele zinabaki chini. Kwa mwenye sanduku la kilo 23 ni adhabu. Palipo na lifti, uliza kama ni ya sarafu. Baadhi ya majengo bado yana kisanduku cha senti ndani ya lifti, na mgeni asiye na sarafu anapanda kwa miguu.

Bafu. Tangazo likisema bagno privato esterno, bafu ni lenu peke yenu lakini liko nje ya chumba, mnavuka korido na taulo. Bagno in comune ni la kuchangia na wageni wengine. Hayana ubaya wowote, ubaya ni kuyalipia bei ya bafu la ndani. Maji ya moto mara nyingi yanatoka kwenye tangi dogo la umeme ukutani. La lita 30 linamtosha mmoja anayeoga haraka, wa pili asubiri karibu saa nzima. Anayetaka kuoga kwa starehe aoge usiku, mwingine asubuhi.

Joto msilidharau kwa kuwa mmezoea baridi ya Julai ya Moshi. Usiku wa mwisho wa Novemba ni nyuzi 8 hadi 10 hivi, na chumba cha mawe kikishapoa hakipati moto upesi. Kisheria Napoli iko kanda C: mfumo wa joto wa jengo unaruhusiwa kuanzia 15 Novemba hadi 31 Machi, saa 10 kwa siku. Kwa tarehe mko salama, ila vyumba vingi vya bei nafuu havina mfumo huo, vinategemea AC inayopuliza joto. Mwulize mwenye nyumba kwa maandishi: AC inafanya kazi ya joto, na umeme wake umo kwenye bei? Jibu lake libaki ndani ya tovuti, lisihamie WhatsApp, kwa sababu mkigombana tovuti inaangalia kilichoandikwa kwake tu.

Na mikataba mingi ya umeme wa nyumbani Italia ni ya kilowati 3. AC, tangi la maji na draya ya nywele vikiwaka pamoja, swichi kuu inajizima. Siyo mgao. Zimeni kimoja, pandisheni swichi. Ila siku ya kufika mwulizeni mwenyeji swichi iko wapi, maana pengine iko chini kabisa kwenye chumba cha mita. Volti ni 230 kama kwetu, lakini chaja ya miguu mitatu ya mraba haiingii. Nunueni adapta ya miguu ya duara hukuhuku mjini.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Chumba A ni euro 52 kwa usiku, usafi 25 mara moja, kuingia baada ya saa mbili usiku 20. Usiku sita ni 312, jumlisha 45, jumla 357. Chumba B ni euro 58 bila nyongeza: 348. Kile cha "rahisi" ndicho ghali. Juu ya vyote kuna kodi ya jiji, imposta di soggiorno, inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Mara nyingi haimo kwenye bei ya mtandaoni, mnailipa mkifika na wenyeji wengi wanaitaka taslimu. Wekeni euro za noti ndogo kando kwa ajili hiyo na daini risiti.

Kaloleni_Juu (Arusha)

Nakubaliana na mzee kwa majengo. Mtaa nao una maneno yake.

Garibaldi watu wanaisema kwa jumla kana kwamba ni sehemu moja. Ina pande. Barabara za nyuma ya soko, upande wa kusini kuelekea Porta Nolana, usiku zinakuwa tupu na taa hafifu. Kwa wasichana wawili wanaorudi saa nne usiku siwezi kuwashauri. Mwanzoni mwa Corso Umberto, au hatua chache kutoka mlango wa metro, ni suala jingine: kuna watu, kuna mabasi, na ukishuka treni hutembei zaidi ya dakika tano. Kama mnatua usiku au mnaondoka alfajiri, usiku huo mmoja laleni hapo, mengine hameni.

Kwa euro 60 mimi ningetazama Sanità kwanza. Iko nyuma ya jumba la makumbusho, bei yake iko chini ya mji wa kale, na kuna lifti ya umma inayoshusha watu kutoka darajani hadi mtaani. Mjini kati kwenyewe, Via dei Tribunali na Spaccanapoli, ni pazuri lakini panakesha. Kwa tarehe zenu kuna jambo la ziada: San Gregorio Armeno ndio mtaa wa mafundi wa sanamu za pango la Krismasi, na kuanzia Novemba hadi Krismasi wikendi zake hazipitiki. Vyumba vya karibu vinapanda bei Ijumaa na Jumamosi tu. Angalieni bei ya kila usiku, msiangalie wastani.

Quartieri Spagnoli: vichochoro vya mteremko, ngazi, skuta. Vyakula rahisi. Chumba cha huko kichukulieni karibu na Via Toledo, siyo juu kabisa.

Vomero ni juu kilimani, kumetulia, mnashuka kwa treni ya kamba. Kasoro ni kwamba usiku inafunga, na mkichelewa ni teksi.

Fuorigrotta na Pozzuoli mtakuta hoteli nafuu zenye lifti na maegesho. Hapo ndipo eneo la Campi Flegrei, ardhi inapanda na kutikisika, na Mei 2024 lilipiga tetemeko la 4.4. Sisi tunaolala chini ya Meru hatuna cha kuwafundisha wenzetu kuhusu milima ya moto, lakini kwa safari ya siku chache sioni haja ya kuongeza hilo pamoja na nusu saa ya treni kila siku.

Tahadhari ya mtaani ni ileile ya stendi: simu isikae mkononi ukingoni mwa barabara, begi libebwe upande wa ukuta. Anayekwapua anakuja na skuta.

Soweto_Moshi

Najibu la viza, mengine yameshasemwa vizuri.

Usilipie chumba kisichorudishwa hela. Tovuti ina kichujio cha "kufuta bila gharama", kiweke kwanza, na tarehe ya mwisho ya kufuta iwe karibu na safari, mfano siku 3 kabla. Utaratibu ni huu: weka nafasi inayofutika, peleka maombi, viza ikitoka ndipo uhamie chumba bora au ulipie cha punguzo. Kosa la hatari ni kufuta nafasi wakati pasipoti bado iko ubalozini. Wanaweza kupiga simu hotelini, na wakiambiwa haipo, ombi linaonekana la uongo. Karatasi za kughushi za mawakala wa mitaani zina mwisho huohuo.

Majina yenu wawili yaandikwe kwenye nafasi hiyo, herufi kwa herufi kama pasipoti. Tovuti nyingi huandika jina la aliyeweka nafasi tu na "wageni 2". Mdogo wako akifungua faili lake hana uthibitisho wowote. Ingia sehemu ya wageni, ongeza jina lake, kisha chapa upya.

Ombi la viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo) linapokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudi hata ukikataliwa. Bima ifikie angalau euro 30,000, ifunike nchi zote za Schengen na siku zote za safari. Pasipoti iwe haijapita miaka 10 tangu itolewe, ibaki na miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na kurasa 2 tupu. Alama za vidole zinachukuliwa Dar, kwa hiyo kwenye bajeti yenu wekeni nauli ya basi na malazi ya huko kwa watu wawili. Watu wa kaskazini tunasahau sana hiyo.

Kadi: mwambie benki yako aifungue kwa malipo ya nje na ya mtandaoni kabla ya kuweka nafasi. Hata chumba cha "lipa ukifika", hoteli inaweza kujaribu kadi au kushikilia kiasi fulani, na kadi ikikataa nafasi inafutwa kimyakimya. Kadi za mtandaoni za kwenye simu zinafaa kuweka nafasi, lakini mapokezi mengine yanataka kuona kadi ya plastiki yenye jina lako.

BintiRau (Moshi)

Asanteni sana, shikamoo mzee wa Njiro. Nimeshafuta kimoja, kumbe ni hicho hicho basso. Nimebaki na viwili Sanità. Swali la mwisho: nitajuaje kuwa chumba kimesajiliwa? Na kutua Roma au Napoli, ipi inapunguza gharama?

MzeeWaNjiro (Arusha)

Marahaba binti. Tafuta CIN, namba ya utambulisho ya taifa ambayo kila malazi ya muda mfupi Italia lazima yaionyeshe kwenye tangazo, ilianza kudaiwa Januari 2025. Isipokuwepo, ruka. Ishara nyingine ni siku ya kufika: mwenyeji halali ataomba pasipoti zenu, kwa sababu anatakiwa kupeleka taarifa za wageni polisi ndani ya saa 24. Asiyeomba kitu hajasajili, na mkipata tatizo humo ndani hamna wa kumdai.

Kaloleni_Juu (Arusha)

Linganisheni nauli mkiwa na gharama ya nchi kavu mkononi. Mkitua Napoli, kuna basi la Alibus, euro 5 kwa mtu, linashusha Garibaldi na bandarini. Mkitua Roma, kuna treni ya Leonardo Express kutoka uwanja wa Fiumicino hadi Termini, euro 14 kwa mtu, dakika 32, kisha treni ya Napoli. Ya mwendokasi ni saa moja na dakika kumi hivi, bei yake inapanda kadiri siku inavyokaribia. Ya kawaida ni karibu saa tatu, bei haibadiliki, ndiyo ya kununua siku hiyohiyo. Mkinunua tiketi ya karatasi ya treni ya kawaida, igongesheni muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Bila muhuri mnahesabiwa hamna tiketi. Kwa hiyo tiketi ya Roma iwe nafuu kwa zaidi ya euro 80 kwa kila mtu, kwenda na kurudi, ndipo mfikirie.

Jumba la makumbusho linafunga Jumanne, na Cappella Sansevero pia. Pompeii Jumanne iko wazi, basi siku hiyo wekeni Pompeii. Treni ni Circumvesuviana ya kuelekea Sorrento, mnashuka Pompei Scavi. Wengi wanapandia Garibaldi na kusimama njia nzima, nyinyi pandieni Porta Nolana inapoanzia. Novemba Pompeii inafunga saa kumi na moja jioni na mlango wa kuingia unafungwa saa tisa na nusu. Tiketi ina jina, bebeni pasipoti. Maji msinunue ndani, kuna mabomba ya kunywa, nendeni na chupa tupu.