Gari lilikuwa kwa fundi Masasi, deni la trafiki limeandikwa Mtama. Nilipe tu au niende mahakamani?

BintiMkuti aliandika:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa ndugu zangu wa Kusini mnaoijua barabara yetu.

Mimi ni mtumishi hapa Masasi. Nina IST yangu ya kutembelea, ila mara nyingi anaiendesha mdogo wangu wa kiume. Nataka kuiuza. Akaja mteja mmoja mjanja kweli: kabla hata hatujaongea bei, aliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki, ile TMS, akanirushia skrinishoti. "Dada, gari lina madeni mawili, yamalizane kwanza ndiyo tuongee."

La kwanza ni tochi, yaani kamera ya trafiki, mwendo kasi maeneo ya Mchinga. Hilo halina ubishi. Dogo alikuwa anampeleka mama Dar hospitali, na picha ipo, namba inasomeka kama mchana. 30,000 na limeshaota adhabu ya 7,500. Nalipa.

La pili ndilo lililonileta hapa. Kosa: kuzidisha abiria, nalo ni 30,000 na adhabu 7,500. Eneo: Mtama. Nikaangalia tarehe mara tatu. Siku hiyo gari lilikuwa kwa fundi hapa Mkuti, giaboksi imeshushwa iko chini kwenye gunia. Nina risiti ya vipuri na meseji za fundi akinidai hela ya oili.

Sasa naomba kujua: nikililipa si ndiyo nimekubali kosa? Na nikilikataa, naenda mahakama ya hapa Masasi au ya Lindi? Mteja anasubiri, na wateja wa IST wenye hela mkononi sio wengi msimu wa korosho ukiwa bado.

Naomba kuwasilisha.

---

Chuma_cha_Newala:

Dada lipa ulale. 37,500 ni nini? Piga hesabu nauli ya Lindi kwenda na kurudi, chakula, ruhusa kazini. Halafu ufike uambiwe kesi imeahirishwa, shahidi yuko kwenye mafunzo. Urudi tena. Mimi nimewahi kulipa la kwangu huku najua sijatenda, nikasema sadaka.

---

Mnyangao:

Usikasirike dada yangu, nauliza tu kwa wema. Hii barabara ya Nanganga, Nyangao, Mtama mpaka Mnazi Mmoja naijua nje ndani. IST na Probox ndizo zinazopiga mchomoko huku, yaani kubeba abiria wa kulipa nauli. Wanne nyuma, wawili mbele na dereva, mtoto juu ya mapaja, mbuzi kwenye buti. Umeshamkalisha dogo chini ukamuuliza vizuri?

---

BintiMkuti:

@Mnyangao giaboksi ilikuwa kwenye gunia. Huo mchomoko waliupiga kwa kusukuma?

---

Mnyangao:

😂 Basi nimekaa.

---

Mzee_Ligula:

Mwanangu, usilipe kwanza na wala usikimbilie mahakamani kwanza. Nimeendesha malori ya korosho miaka mingi, mambo haya nimeyaonja.

Angalia kitu kimoja. Deni la tochi linaweza kukufuata kwa namba ya gari peke yake, kwa sababu picha imepiga gari. Kuzidisha abiria hakupigwi picha. Ili trafiki aandike kosa hilo ni lazima gari limesimama pembeni, amechungulia ndani akahesabu vichwa, akamwambia dereva alete leseni. Kwa hiyo mbali na namba ya gari, kuna mtu ameandikwa pale. Swali lako lisiwe "gari lilikuwa wapi", liwe "leseni ya nani imeandikwa".

Mfumo ule unakuruhusu kutafuta kwa namba ya gari, kwa namba ya leseni, au kwa namba ya kumbukumbu ya deni lenyewe. Wewe umetafuta kwa gari tu. Chukua leseni ya mdogo wako, ingiza namba yake. Likitokea deni la Mtama, basi una kesi na mdogo wako, siyo na trafiki. Lisipotokea, kuna dereva mwingine kabisa, na hapo nakuambia harufu ni ya herufi iliyokosewa. Kule barabarani askari anaingiza namba kwenye kimashine jua kali, DKL inakuwa DLK, Hiace ya mtu inageuka IST yako.

Ukipata jibu rudi hapa.

---

Kirikuu_Lindi:

Naongezea: asitokee mtu akakwambia "nipe elfu ishirini nikufutie kwenye sistimu". Hao vishoka wapo, wanashinda nje ya vituo na siku hizi mpaka vijiwe vya mtandaoni. Atakula hela na deni litabaki vilevile. Pia usimpe askari yeyote hela mkononi kwa jina la faini. Faini ya serikali inalipwa kwa ile kontroo namba inayoanza na 99, kwa simu, benki au wakala. Ukishalipa hilo la Mchinga, ingia tena kwenye mfumo uhakikishe limesomeka limelipwa, na risiti uitunze. Kuna siku mtandao unagoma kusoma halafu unasimamishwa kwa deni ulilokwisha lipa.

---

PwaniSheria:

Nimesoma hapo juu mtu anasema lipa ulale. Kila mtu na hela yake, lakini tuelewane kisheria maana yake ni nini.

Hii karatasi ya trafiki ipo chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973. Sheria inampa askari nafasi ya kumaliza makosa madogo palepale bila kupelekana mahakamani, kwa masharti kwamba mtuhumiwa anakubali kosa na kulipa kiwango kilichowekwa. Jibu la swali la kwanza la dada ni ndiyo: ukilipa, umekubali. Huwezi kulipa leo halafu kesho uende kudai haikuwa wewe.

Ukikataa, una haki ya kusema nipelekeni mahakamani. Hapo hati ya mashtaka inaandaliwa, unaitwa, unasomewa, unajibu ni kweli au si kweli. Ukisema si kweli, mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, tena pasipo kuacha shaka. Askari aliyeandika atakuja kusema aliona nini. Wewe utaleta risiti zako na fundi wako. Na lugha isikutishe: tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, utajitetea kwa lugha unayonunulia samaki.

Mahakama gani? Kosa husikilizwa kule linakodaiwa kutendeka. Mtama iko mkoa wa Lindi, kwa hiyo kesi ni Lindi, Mahakama ya Wilaya. Masasi ni mkoa wa Mtwara, hawataigusa.

Sasa mambo mawili ambayo watu hawaambiwi. Moja, hakimu hafungwi na ile 30,000. Hicho ni kiwango cha anayekubali bila kesi. Ukishindwa mahakamani unaadhibiwa kwa mujibu wa kifungu cha kosa, na inaweza kuwa zaidi. Mbili, ukifika mbele ya hakimu ukajichokea ukasema "ni kweli" ili uwahi gari la kurudi, umejifungia mlango. Aliyekiri kosa mwenyewe haruhusiwi kukatia rufaa kutiwa hatiani, labda ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Anayekataa akashindwa anaweza kwenda Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara: taarifa ya kusudio la rufaa ndani ya siku 10, rufaa yenyewe ndani ya siku 45.

Na ukiitwa, nenda. Kutokwenda kunazaa hati ya kukamatwa, na hapo sio suala la elfu thelathini tena.

---

Chuma_cha_Newala:

@PwaniSheria sasa si umenisaidia mimi? Siku 10, siku 45, Mahakama Kuu, kwa 37,500. Nimesema alipe alale.

---

PwaniSheria:

Kaka sijasema aende. Nimesema ajue anachokikubali. Akilipa leo na yule wa Hiace akaendelea kuandikiwa kwa namba hiyohiyo, mwezi ujao atalipa tena? Na wewe ile sadaka uliyotoa, uliambiwa imepokelewa?

---

Mama_Shangani:

Mie niko upande wa kutolipa. Tena gari linauzwa! Ukilipa bila kujua chanzo, mnunuzi naye ataletewa deni jingine la Mtama wiki ijayo, arudi mlangoni kwako na mashahidi. Malizaneni kwenye mzizi.

Kuhusu mteja wako kukukimbia, mbona hilo dogo tu. Mwandikishiane: bei ni kadhaa, 37,500 inabaki kwake mpaka deni lifutwe, likifutwa anakupa, lisipofutwa analilipa nalo limekwisha. Mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Mtu mwenye nia ya kununua hawezi kukataa hilo.

---

BintiMkuti:

Asanteni sana. Mrejesho.

La Mchinga nimelipa kwa simu, limeshasomeka.

Nikafanya alivyosema @Mzee_Ligula. Leseni ya dogo ina lile la tochi tu, la Mtama halipo. Dogo mwenyewe alifurahi kuliko mimi, maana tangu asubuhi ya skrinishoti nilikuwa namtazama kwa jicho la pembeni (nisamehe Mnyangao, ulishanipandia mbegu).

Nikaenda kwa DTO, mkuu wa trafiki wa wilaya hapa. Muungwana kabisa, aliingiza ile namba ya kumbukumbu. Dereva aliyeandikwa ni mwanamume ambaye simjui wala dogo hamjui. Akaniambia deni limeingizwa mkoa wa Lindi, yeye hana mamlaka ya kuligusa, niende au niandike kwa RTO wa Lindi, yaani mkuu wa trafiki wa mkoa. Akaniambia pia nisilipe wakati nalilalamikia.

Sasa barua hiyo niiandikeje? Na ni lazima nipande gari mpaka Lindi?

---

Mzee_Ligula:

Umeona? Herufi.

---

PwaniSheria:

Barua iwe fupi, ukurasa mmoja. Kwa Mkuu wa Usalama Barabarani Mkoa. Kichwa cha habari: ombi la kuhakiki na kurekebisha deni namba fulani. Usiandike hadithi ya mama na hospitali, wala usimtuhumu askari kwamba amefanya makusudi, hujui. Eleza: mimi ni mmiliki wa gari hili, aina hii, rangi hii, siku hiyo lilikuwa matengenezo, dereva aliyeandikwa si mtu wangu, naomba nakala ya karatasi ya askari iangaliwe, hasa aina ya gari na namba iliyoandikwa kwa mkono kama ipo. Ambatanisha nakala ya kadi ya gari, risiti ya vipuri yenye tarehe, maelezo ya fundi yaliyosainiwa na namba yake ya simu, na ile skrinishoti.

Kadi ya gari ndiyo itakayobeba mzigo mkubwa, kwa sababu inaonyesha abiria wangapi wanaruhusiwa. Kama askari ameandika waliozidi walifikisha watu kumi na nane, IST inajitetea yenyewe.

Andika nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe. Bila muhuri wa kupokea huna barua.

---

Kirikuu_Lindi:

Kwenda mwenyewe ni bora kuliko kutuma. Barua iliyotumwa inalala. Wahi gari la alfajiri kutoka Masasi, asubuhi uko Lindi mjini, uwakute kabla hawajatawanyika barabarani. Ukishindwa, mpe mdogo wako aipeleke pamoja na barua yako ya kumtuma na nakala ya kitambulisho chako. Yeye aje na leseni yake, ikibidi waione.

Na mpaka lirekebishwe, dogo atembee na nakala yenye muhuri ndani ya gari. Akisimamishwa na deni likasoma, wapo watakaotaka kulishikilia gari mpaka alipe. Atoe nakala kwa adabu, aseme deni linahakikiwa. Asianze kufoka na kifungu cha sheria pale barabarani.

---

Chuma_cha_Newala:

Haya nimeshindwa. Kwa dereva asiyejulikana hata mimi nisingelipa.

---

BodaNaliendele:

Naomba kuingilia uzi wa dada. Mimi ni bodaboda Mtwara mjini. Nimeangalia la kwangu baada ya kusoma hapa, nina deni la kofia ngumu ya abiria, limeandikwa 10,000. Jamaa zangu kijiweni wanabisha eti ni 30,000 na hiyo nyingine nitadaiwa baadaye. Kweli?

---

Kirikuu_Lindi:

Siyo kweli. Pikipiki na bajaji zilishushiwa kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, kwenye bajeti ya 2021/22. Lipa kiasi kilichoandikwa kwenye kontroo namba, na ulipe mapema kabla hakijaongezewa adhabu ya kuchelewa. Halafu mnunulie abiria kofia.

---

BintiMkuti:

Dogo ameondoka na gari la alfajiri, barua mbili na maelezo ya fundi mkononi. Mteja amekubali maandishi ya @Mama_Shangani, ila anataka ibaki 40,000 kwake badala ya 37,500, anasema kwa usumbufu. Nimemwambia usumbufu upi, mbona anayepanda gari ni mdogo wangu? Tunaendelea kuvutana.