Majirani Salasala: fomu za shule ya kimataifa, kuingia Agosti

Mama Neema, 19:42
Majirani, habari za jioni. Namhamishia Neema shule ya kimataifa ya Kikristo, aingie Agosti 2026. Sasa yuko darasa la 4 hapa English medium. Orodha ya vitu wanavyotaka ina kurasa tatu, sijui nianzie wapi. Wanaojua haya mambo naombeni msaada 🙏🏾

Mwl. Kissa (udahili), 19:50
Nzuri mama Neema. Anza na yasiyo mikononi mwako. Fomu yako wewe unaijaza usiku mmoja ukamaliza. Kinachokwamisha maombi ni makaratasi ya watu wengine: mwalimu wa sasa, mkuu wa shule, mchungaji, RITA (wanaotoa vyeti vya kuzaliwa). Hayo yaombe kesho asubuhi, mengine yatafuata.

Mwl. Kissa (udahili), 19:57
Kwa mtoto wa umri wake shule nyingi zinataka hivi: nakala ya cheti cha kuzaliwa, pasipoti ya mtoto na vitambulisho vya wazazi wote wawili, ripoti za miaka miwili iliyopita, kadi ya chanjo, picha ndogo, fomu ya siri ya mwalimu wa darasa, fomu ya mkuu wa shule, na fomu ya mchungaji. Kisha mtihani, kisha mahojiano. Wazazi nao wanahojiwa, msishangae.

Baba Joel, 19:59
Na risiti ya ada ya fomu. Bila hiyo faili halifunguliwi hata kama umepeleka kila kitu.

Mama Neema, 20:01
Hiyo fomu ya siri ndiyo ipi? Naijaza mimi?

Mwl. Kissa (udahili), 20:06
Hapana, wewe hata hutakiwi kuiona ikishajazwa. Unampa mwalimu wa Neema, anaandika kuhusu bidii, nidhamu, Kiingereza na hesabu, na namna mtoto anavyoishi na wenzake. Kisha anaituma mwenyewe moja kwa moja kwa barua pepe ya shule, au anaifunga kwenye bahasha yenye muhuri juu ya mdomo wa bahasha. Ukiileta imefunguliwa inarudishwa.
Makosa ni yale yale kila mwaka. Fomu inatoka barua pepe binafsi ya mwalimu, ofisi inaanza kupiga simu kuhakikisha. Fomu zote mbili, ya mwalimu na ya mkuu wa shule, zimejazwa kwa mwandiko mmoja. Au mwalimu ameweka alama ya juu kila kisanduku na hakuandika sentensi hata moja. Hiyo ya mwisho haimsaidii mtoto. Mstari mmoja wenye mfano, kwamba anasoma vizuri ila ana haraka kwenye hesabu, una uzito kuliko visanduku ishirini.

Mzee Lyimo, 20:08
Na kama shule ya sasa inamdai mzazi?

Mwl. Kissa (udahili), 20:11
Shikamoo mzee. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Shule ya zamani inashikilia ripoti, na shule mpya inataka barua ya kutodaiwa. Deni lilipwe au waandikiane makubaliano kabla ya kuomba fomu. Mkuu wa shule anayedai hana haraka ya kumjazia mtu fomu.

Mzee Lyimo, 20:12
Marahaba. Hapo sawa.

Baba Joel, 20:15
Kwa wenye watoto shule za Kiswahili: ripoti zitafsiriwe rasmi. BAKITA (Baraza la Kiswahili) wanatafsiri na kugonga muhuri. Usitafsiri mwenyewe, hata kama Kiingereza chako kinatisha 😄

Mwl. Kissa (udahili), 20:17
Na ripoti iwe na alama. Zile za "nafasi ya 3 kati ya 42" peke yake hazituambii kitu. Omba karatasi yenye alama za kila somo.

Mama Neema, 20:20
Ataingia darasa gani? Amezaliwa Machi 2016.

Mwl. Kissa (udahili), 20:27
Inategemea mtaala. Shule za mtaala wa Uingereza zinahesabu umri wa mtoto tarehe 31 Agosti. Wa Machi 2016 atakuwa na miaka 10, kwa hiyo ni Year 6. Kwenye mtaala wa Kimarekani huyo huyo ni Grade 5. Namba zinapishana kwa moja: Year 13 ni Grade 12. Ukisikia shule moja imempa Year 6 na nyingine Grade 5, usidhani moja imemshusha.
Jambo la kuangalia ni hili. Yuko darasa la 4, anaondoka katikati ya mwaka, anakwenda Year 6. Kwa umri ni sahihi, kwa masomo ni kuruka. Sehemu, desimali na kuandika insha ndefu kwa Kiingereza ndiko watoto wetu wanakoanguka. Shule ikipendekeza Year 5 usione aibu. Ila uliza mapema sera yao, kwa sababu zipo zisizokubali mtoto awe nje ya umri wa darasa hata kwa miezi.

Da Salma, 20:29
Kwa hiyo upimaji wa darasa la 4 hataufanya?

Mwl. Kissa (udahili), 20:33
Hataufanya, maana unafanyika mwishoni mwa mwaka na yeye ameshaondoka. Shule ya kimataifa haiuhitaji. Ila tunza namba yake ya PREM (namba ya usajili wa mwanafunzi) na barua ya uhamisho. Siku mkiamua kumrudisha mtaala wa Taifa, swali la kwanza litakuwa hiyo namba.
Na kwa wanaotazama mbali: matokeo ya IGCSE (mtihani wa kimataifa wa sekondari, kama wa Cambridge) yanapelekwa NECTA, Baraza la Mitihani, kupata ulinganifu na kidato cha nne, ya A-Level na cha sita. Kwa hiyo kwenye IGCSE mtoto asichague masomo kwa mapenzi tu. Chuo cha hapa kitauliza fizikia iko wapi.

Wakili Mushi, 20:41
Naongezea majina, ndiyo yanayokula muda mwingi. Mfano: cheti kinasema Elizabeth Yohana Mwasha, pasipoti Elizabeth John Mwasha, kadi ya kliniki Eliza Johnson. Kwa mzazi ni mtoto mmoja, kwa ofisi ni watoto watatu.
Kosa la uandishi kwenye cheti linasahihishwa RITA. Tofauti ndogo ya tahajia, shule nyingi zinakubali kiapo cha wakili au hakimu kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Ukitaka jina libadilike kabisa ni hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, ndipo uende Uhamiaji kwa pasipoti. Usianze na pasipoti halafu ukarudi kwenye cheti, utalipia mara mbili.
Maliza hilo kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa Cambridge. Jina linalosajiliwa ndilo litakaloandikwa kwenye cheti, na kulirekebisha baadaye ni safari nyingine.

Mama Neema, 20:43
Cha Neema kiko sawa. Cha mdogo wake ni kile cha kuandikwa kwa mkono, cha watoto chini ya miaka mitano.

Wakili Mushi, 20:45
Hicho ni halali, ni cha RITA. Wakikitilia shaka, omba uhakiki kupitia mtandao wa RITA, upeleke majibu ya uhakiki pamoja na nakala.
Na wazazi waliotengana: shule itataka saini za wote wawili au amri ya mahakama inayoonyesha mtoto yuko chini ya nani. Barua ya "baba yake yuko safarini" haitoshi. Kama mtoto anaishi kwa shangazi au babu, barua ya ulezi iseme nani anaamua mambo ya hospitali na nani analipa ada. Watu huunganisha hivyo viwili, kumbe ni vitu tofauti.

Da Salma, 20:50
Mwalimu, na sisi Waislamu? Shule ya namna hiyo iko karibu na kwangu, mwendo wa dakika tano.

Mwl. Kissa (udahili), 20:58
Da Salma, zipo za aina mbili. Aina ya kwanza inataka angalau mzazi mmoja awe Mkristo anayeshiriki kanisani, na fomu ya mchungaji ni lazima. Hizo zilianza kama shule za watoto wa wamisionari. Rosslyn ya Nairobi, kwa mfano, ilianzia huku kwetu Mara mwaka 1947 chini ya Wamenonaiti (dhehebu la Kikristo), ndipo ikahamia Kenya. Mpaka leo baadhi ya shule za namna hii zinawapa watoto wa wamisionari nafasi kwanza na punguzo la ada.
Aina ya pili inapokea watoto wa dini zote, lakini mzazi anasaini kwamba amesoma tamko la imani la shule na anakubali mtoto ahudhurie ibada na somo la Biblia kama wengine. Soma neno kwa neno. Kusaini kwamba "nimeelewa" na kusaini kwamba "naamini" ni mambo mawili. Shule nyingi hazitoi ruhusa ya mtoto kukaa nje wakati wa ibada, kwa hiyo usitegemee kuomba hilo baadaye. Uliza mapema kuhusu mtandio, chakula na mfungo wa Ramadhani, ujibiwe kwa maandishi.

Da Salma, 21:00
Shukrani. Bora kuambiwa wazi.

Mzee Lyimo, 21:02
Mchungaji wetu ataandika kwamba familia inatoa zaka vizuri 😂

Mwl. Kissa (udahili), 21:05
Wanaandika kweli mzee 😅 Shule haiulizi zaka. Inauliza ameifahamu familia kwa muda gani na inashiriki vipi. Na asiwe ndugu wa damu. Mjomba mchungaji haruhusiwi.

Mama Neema, 21:08
Mtihani wenyewe ukoje? Nimpeleke tuisheni?

Mwl. Kissa (udahili), 21:19
Uliza unaitwaje. Shule za mtaala wa Kimarekani hutumia MAP: hesabu, kusoma na matumizi ya lugha, kwenye kompyuta, kila kipande kama saa moja. Za Uingereza nyingi hutumia CAT4, sehemu nne: maneno, namba, maumbo, na kuona vitu vinavyogeuzwa au kukunjwa. Hiyo haipimi alichokariri, tuisheni yake ni kupoteza hela.
MAP inamfuata mtoto. Akipata swali, linalofuata ni gumu zaidi. Akikosa, linakuwa rahisi. Ndivyo ilivyotengenezwa, na mtoto mzuri kabisa atakosa karibu nusu. Mtoto aliyezoea 98 ya shuleni anaona maswali asiyoyajua yanafuatana, anaingia hofu, anaanza kubonyeza ovyo. Mwambie kabla: ukiona linakuwa gumu ni dalili nzuri, tulia, soma. Na azoee kipanya na kusoma kifungu kirefu kwenye skrini. Wapo wanaojua jibu ila wanahangaika na kipanya.
Kwenye mahojiano muache ajibu mwenyewe. Mzazi anayemjibia mtoto anaandikwa.

Mwl. Kissa (udahili), 21:23
Tena, kama mtoto ana shida ya kusoma, umakini au kusikia, iseme kwenye fomu, na ripoti ya mtaalamu iwe ya karibuni. Wazazi wanaficha wakiogopa kukataliwa. Nafasi za msaada maalumu ni chache kweli, lakini ikigundulika baadaye kwamba ilifichwa, shule inaweza kuondoa nafasi, na mkataba uliousaini unairuhusu.

Baba Joel, 21:34
Nije kwenye hela. Msitazame ada ya muhula peke yake. Tuseme tu kwa mfano: fomu laki 2, usajili milioni 1.5, mchango wa maendeleo milioni 2, amana milioni 1, ada ya muhula milioni 6. Ada ya mwaka, mihula mitatu, ni milioni 18, lakini kabla mtoto hajakanyaga darasani unatoa 10.7, na mwaka wa kwanza wote ni 22.7. Basi, chakula, sare na kompyuta bado.
Fomu na usajili havirudi, mtoto apate nafasi au akose. Amana inarudi ukitoa taarifa ya kuondoka muhula mzima kabla. Ukichelewa wiki moja, imekwenda, na pengine unadaiwa ada ya muhula unaofuata. Kama mwajiri ndiye analipa, soma kifungu cha nani anadaiwa ajira ikikoma. Karibu kila mkataba unasema ni mzazi.
Ankara ya kukutaka ulipe kwa dola hapa Dar irudishe. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zilizoanza 28 Machi 2025 zinakataza.
Ukilipa benki, kwenye maelezo weka namba ya maombi ya mtoto, sio jina lako. Malipo ya "Mama Neema" yanaelea kwenye akaunti ya shule wiki mbili yakitafuta mwenyewe.

Baba Mugisha, 21:38
Mdogo wangu anahamia Dar kutoka Kampala na watoto wawili. Wao wanahitaji nini zaidi?

Wakili Mushi, 21:42
Akiwa na kibali cha kazi, watoto wanaingia kama wategemezi wake. Akija mtoto bila mzazi mwenye kibali, ni cha mwanafunzi, daraja C. Uhamiaji watataka barua ya shule ya kumpokea, kwa hiyo nafasi kwanza, kibali baadaye. Asianze masomo kwa kibali cha matembezi.

Nesi Rehema, 21:44
Kadi ya chanjo ikipotea, nenda kliniki ileile alikochanjwa, rejista ipo. Surua-rubela ziwe dozi mbili. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wana ya HPV (ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi), dozi moja. Fomu ya daktari ijazwe karibu na kuanza shule, ya zamani wanaikataa.

Mama Neema, 21:47
Mungu awabariki. Wakisema tupo orodha ya kusubiri?

Mwl. Kissa (udahili), 21:52
Uliza uko kundi gani, sio namba ngapi. Kwa kawaida wanaanza watoto wa walimu, kisha ndugu wa waliopo, kisha wamisionari, ndipo wengine. Wa pili kwenye "wengine" anaweza kuwa nyuma ya watu kumi. Nafasi hufunguka Mei na Juni, mikataba ya watu ikiisha. Faili likiwa pungufu hapo wanamruka, wanampigia anayefuata.
Sasa hivi fanya hili: skani kila kitu kwa pdf, faili moja kwa kila karatasi, jina la mtoto kwanza. Sio picha ya simu yenye kivuli cha kidole kwenye namba ya cheti.

Mama Neema, 21:53
Kesho saa 2 niko shuleni kwake na fomu mbili.

Mwl. Kissa (udahili), 21:54
Peleka na bahasha zako, wao hawanazo.