Vipimo vyote ni safi, lakini dada yangu aliye ughaibuni bado anaumwa. Je, ni sonona?

Muulizaji:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Tangu dada yangu ahamie ughaibuni na watoto wake, analalamikia kichwa, mgongo na moyo kwenda mbio, ilhali vipimo vyote havionyeshi ugonjwa. Hasemi kwamba ana huzuni; akipiga simu hutujulia hali, hutuma fedha kama kawaida, kisha hukata mapema. Mwanawe ndiye aliyenieleza kwamba mama akirudi kutoka kazini hukaa kitandani bila kuvua koti wala kuwasha taa. Je, hii inaweza kuwa sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito?

Muuguzi:
Pole sana, ndugu. Inawezekana kabisa. Sonona huonekana mwilini kwa watu wa jamii zote, na kwa wahamiaji wengi maumivu ndiyo huwafikisha hospitali, kwa kuwa maumivu yanaweza kutajwa bila aibu mbele ya daktari asiyewafahamu. Akiulizwa kama ana huzuni atakana, tena kwa dhati. Ni afadhali aulizwe kama huamka usiku wa manane akashindwa kulala tena, kama chakula kinampendeza, na kama ameacha kwenda ibadani au kuonana na watu. Hojaji ya kupima sonona iitwayo PHQ-9, yenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, hugusa pia usingizi, uchovu na hamu ya kula. Alama 10 kati ya 27 au zaidi hudai uchunguzi wa kina. Madaktari wahakikishe pia kwamba hana upungufu wa damu wala tatizo la tezi ya shingo, maana uchovu wa magonjwa hayo hufanana na wa sonona. Na tafadhali, mtoto asifanywe mkalimani: hakuna mama atakayekiri kwamba amechoka kuishi ikiwa mwanawe ndiye wa kuyatamka maneno hayo. Aombe mkalimani wa hospitali, hata kwa simu.

Mchangiaji aliyeishi ugenini:
Nakubaliana na Muuguzi, ila tusiharakishe kumpa jina la ugonjwa. Joseba Achotegui, daktari wa akili wa Barcelona, ameeleza hali ya wahamiaji waliolemewa na hofu ya kukosa kibali cha kuishi, upweke na kutengana na jamaa, wenye maumivu ya kichwa na kukosa usingizi lakini ambao bado wana ari ya kuendelea na maisha. Hao, kwa maoni yake, wanahitaji msaada wa kijamii kabla ya dawa. Dada yako ana kibali? Anafanya kazi aliyoisomea? Mimi sikuweza kuwaambia wa nyumbani kwamba nimeelemewa, kwa sababu ada za wadogo zangu zilinitegemea. Mwambieni waziwazi kwamba mwezi huu asitume chochote.

Muulizaji:
Ahsanteni. Kibali bado anakisubiri, na hapa nyumbani alikuwa mwalimu. Huko anafanya usafi usiku. Naogopa kumwuliza kuhusu kufa, nisije nikampa wazo hilo.

Muuguzi:
Mwulize, tena kwa maneno ya wazi. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo la kujiua, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Akikiri, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.