Naomba ushauri: filamu ya askari wawili wasioivana

Asalam aleikum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Mimi na wenzangu watatu tunaandika filamu fupi ya vichekesho na mapigano: askari wawili wanapewa kesi moja ya magendo ya karafuu. Mmoja Mpemba, mkimya, anamjua kila mwenye shamba. Mwenzake katoka Mjini Unguja, mdomo haufungi, na boti haijaondoka bandari ya Malindi, hukohuko Unguja, keshaanza kutapika.

Tunaipenda sana Rush Hour, ile filamu ya Kimarekani ya 1998 ya polisi wawili. Chris Tucker anaropoka, Jackie Chan anatulia, na kila mmoja ana ujuzi asiokuwa nao mwenzake. Sisi hapo ndipo tulipokwama. Juzi nilimsomea mama akiwa anachambua karafuu. Alicheka vizuri mpaka yule wa Mjini alipoanza kuigiza lafudhi ya Kipemba. Akanyamaza, mikono ikaendelea na vikonyo. Iliniuma.

Nifanyeje watupiane maneno bila Wapemba kuona wanadharauliwa? Na ruhusa ya kuvaa sare za polisi tuanzie wapi? Aliyewahi kurekodi visiwani anielekeze, tafadhali. Tunataka kuanza kabla karafuu hazijaanuliwa.