Hita ya maji inapata moto na kujizima: tupeane uzoefu

Mkazi wa Ilazo: Wakuu, baridi ya Juni imeingia hapa Dodoma na hita za tangi zimeanza kusumbua. Lita 50, koili (chuma kinachopasha maji) ya wati 1,500. Inawaka kidogo, inajizima; ukibonyeza kitufe chekundu cha usalama inarudi, kisha inazima tena. Wanaojua maji yetu ya chumvi, semeni.

Fundi Nkuhungu: Kabla ya kufungua chochote, gusa maji kwa tahadhari pale inapozima. Yakiwa vuguvugu, koili imevaa ukoko wa chokaa: joto haliingii kwenye maji, linabaki kwenye koili na kukifikia kihisi cha thamostati (kidhibiti joto) kilicho jirani. Yakiwa ya kuunguza, pointi za thamostati (zinazogusana kupitisha umeme) zimegandana. Hiyo haitengenezwi, inabadilishwa.

Kutoa ukoko: zima swichi kuu, hakikisha kwa testa, funga maji, mwaga tangi lote, toa koili. Loweka kwenye siki nyeupe usiku kucha, usikwangue kwa kisu. Toa na tope lililolala chini ya tangi, wengi wanalisahau. Gasketi (mpira wa kuzuia kuvuja) iwe mpya. Fimbo ya magnesiamu (inayokinga tangi na kutu) ikiwa imebaki waya mtupu, badilisha. Jaza maji mpaka bomba la moto litoe bila kutema hewa, ndipo uwashe. Koili ikiwaka bila maji inaungua palepale. Thamostati iwe nyuzi 55 hadi 60, juu ya hapo ukoko unajengeka haraka.

Wa Kisasa: Siki inachelewesha. Asidi ya kusafishia vigae, dakika kumi kazi imeisha.

Fundi Nkuhungu: Na koili imeisha pia! Asidi ile inakula chuma.

Mama Area C: Siki. Naunga mkono.

Kijana wa Nzuguni: Mbona mnahangaika? Ruka hicho kitufe, unganisha waya moja kwa moja.

Umeme Kwanza: Jamani, asithubutu mtu! Thamostati ikigandana na kitufe kimerukwa, hakuna cha kuzima. Ndani ya tangi lililofungwa maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Valvu ya usalama nayo ikiwa imezibwa na chumvi, presha inapanda hadi tangi linapasuka, na maji yale yanalipuka kuwa mvuke: lita moja ikigeuka yote hutoa zaidi ya lita 1,600. Dari linang'oka, ukuta unabomoka, aliye bafuni haponi. Inueni kishikio cha valvu kila mwezi, maji yatoke kidogo.

Kijana wa Nzuguni: Nimekuelewa mkuu. Na kama inayoanguka ni breka (swichi ya kujikata umeme), si kitufe?

Fundi Nkuhungu: Mara nyingi koili inavujisha umeme kwenye athi. Zima, chomoa waya zake, pima kwa mita. Kati ya ncha mbili za wati 1,500 utapata kama omu 35. Kati ya ncha na chuma mita isisome kitu. Ikisoma, nunua nyingine.

Wa Kikuyu: Skrubu za waya pia. Zikilegea zinachemka, plastiki inageuka kahawia, na joto lile lile linaizimisha thamostati. Kata sehemu iliyoungua, kaza upya, waya uwe wa milimita 2.5.